Peptidi ya DSIP na usingizi mzito: maswali ninayoulizwa kaunta

Mimi ni mfamasia. Nilianzia kazi Kisumu, sasa niko Nakuru, na siku hizi watu wananijia na simu mkononi wakinionyesha picha ya kichupa kidogo chenye unga mweupe chini. Wameambiwa hiyo ni peptidi ya usingizi: unajidunga kabla ya kulala, unalala usingizi wa pono, asubuhi unaamka mtu mpya. Wanaouliza si watu wa mzaha. Ni askari wa zamu, ni mama wa mapacha, ni mwalimu ambaye hajapata lepe la usingizi tangu amzike mumewe. Nimeandika majibu haya kwa ajili yao, maana foleni ya kaunta hainipi nafasi ya kueleza jambo hili inavyostahili.

DSIP ni kitu gani?

Ni kipande kifupi cha protini: asidi amino tisa zilizotungwa kama shanga. Jina lake kamili maana yake ni peptidi inayoleta usingizi wa delta. Delta ni mawimbi makubwa ya polepole ambayo ubongo hutoa mtu akiwa kwenye ule usingizi ambao hata mvua juu ya mabati haimwamshi.

Ilitoka wapi?

Basel, Uswisi. Katika miaka ya 1970, Marcel Monnier na Guido Schoenenberger walimlaza sungura kwa kuichochea talamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, kwa umeme hafifu. Kisha wakachuja damu iliyotoka kichwani mwake. Walichopata walikiingiza ndani ya ubongo wa sungura mwingine, na mawimbi ya delta yakaongezeka. Mwaka 1977 walitangaza mpangilio wa zile asidi amino tisa.

Naipenda hadithi hii, na ninaelewa kwa nini wauzaji wanaipenda pia. Wao huishia hapo. Hawasemi kwamba miaka karibu thelathini baadaye, mwaka 2006, watafiti wawili, Kovalzon na Strekalova, walipitia yote yaliyokuwa yameandikwa kuhusu DSIP wakaiita kitendawili ambacho bado hakijateguliwa. Jeni la kuitengeneza mwilini lilikuwa halijapatikana. Kipokezi chake, yaani mlango ambao ingeingilia kwenye seli, nacho kilikuwa hakijulikani.

Basi inafanya kazi au haifanyi?

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na matumaini. Majaribio madogo ya Ulaya yaliwapa watu wachache DSIP kupitia mshipa, na baadhi yao walilala vizuri zaidi. Hata waraibu wa pombe na afyuni walijaribiwa nayo wakati wa kuacha.

Utafiti ambao mimi huurudia ni wa mwaka 1992. Watu 16 wenye tatizo sugu la kukosa usingizi walilazwa wakiwa wamefungwa nyaya za kupima ubongo, usiku baada ya usiku. Wengine walipata DSIP, wengine dawa bandia isiyo na kitu, na hakuna mgonjwa wala mpimaji aliyejua nani kapewa nini. Waliopata DSIP walishikwa na usingizi mapema kidogo, na muda waliokuwa kitandani wakautumia zaidi kulala. Lakini tofauti ilikuwa hafifu, na watafiti wenyewe waliandika kwamba sehemu yake huenda ilitokana na mabadiliko ya bahati tu katika kundi la dawa bandia. Wagonjwa walipoulizwa wamelalaje, hawakuona usingizi wao umekuwa bora. Hitimisho lao lilikuwa kwamba matibabu ya muda mfupi kwa DSIP hayaelekei kumsaidia sana mtu mwenye tatizo hili.

Hapo ndipo sayansi ilipoiacha. Hakuna kampuni iliyoipeleka kwenye majaribio makubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "imethibitishwa na utafiti," mwombe akuonyeshe huo uliokuja baada ya 1992, wenye watu wengi na dawa bandia ya kulinganishia.

Kwa hiyo peptidi za usingizi zote ni uongo?

Hapana, na nisingependa mtu aondoke na wazo hilo. Mwaka 1998 iligunduliwa oreksini, peptidi ya ubongo inayotufanya tukae macho. Wagonjwa wa nakolepsia, wanaoangushwa na usingizi ghafla mchana, wengi wao wamepoteza seli zinazoitengeneza. Kutokana na ugunduzi huo zilitengenezwa dawa za kuizuia oreksini usiku, na ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Kazi hiyo ilichukua miaka kumi na sita na maelfu ya wagonjwa waliojitolea. Kichupa cha DSIP hakijapita njia hiyo.

Saa yangu ya mkononi inasema nina dakika 38 tu za usingizi mzito. Si lazima nifanye kitu?

Vua saa kwa wiki mbili kwanza. Nasema hivyo kwa dhati kabisa.

Usingizi mzito unatambulika kwa mawimbi ya ubongo, na saa haiko kwenye ubongo. Iko kwenye kifundo cha mkono, inapima mtikisiko na mapigo ya moyo, halafu inakisia. Inaweza kukupa picha nzuri ya muda uliolala na muda uliokesha, lakini ikianza kuugawa usiku wako vipande vipande, makosa ni mengi.

Mtu mzima mwenye afya hutumia kati ya asilimia 13 na 23 hivi ya usiku kwenye usingizi mzito. Kwa aliyelala saa saba kamili, hiyo ni kama dakika 55 mpaka 95, na sehemu kubwa huja theluthi ya kwanza ya usiku. Mwili una hesabu yake. Kadiri ulivyokaa macho mchana ndivyo hamu ya usingizi inavyojaa, na ubongo unaanza kulipa deni hilo mara tu unapolala. Ndiyo sababu mtu aliyekesha matangani siku mbili, akilala ya tatu, hulala fofofo bila sindano.

Nimeona watu wanaoamka wazima, wanachangamka vizuri, kisha wanatazama saa na kuanza kujisikia wagonjwa. Mwaka 2017 wataalamu waliipa hali hii jina, othosomnia: kukosa usingizi kwa sababu ya kuutafuta usingizi kamilifu. Kipimo cha kweli ni mchana wako. Ukisinzia ndani ya matatu ya saa nne asubuhi, hapo tuna la kuzungumza.

Muuzaji ana cheti kinachosema usafi ni asilimia 99.

Cheti cha namna hiyo, hata kikiwa cha kweli, kinakuambia tu kwamba karibu peptidi yote iliyo kwenye unga ndiyo ile iliyotajwa. Hakikuambii kama kichupa kina vijidudu. Hakikuambii kama kina endotoksini, yaani sumu ya maganda ya bakteria ambayo hubaki hata bakteria wenyewe wakifa, na ambayo ikiingia mwilini kwa sindano huleta homa kali na kutetemeka. Dawa ya sindano iliyosajiliwa hupimwa kwa mambo hayo yote, tena kila bechi.

Kijana mmoja aliniletea kichupa chake mwaka jana. Nilipoisoma lebo kwa miwani, maandishi madogo yalisema ni kwa utafiti wa maabara pekee, si kwa binadamu. Alikuwa amekitumia wiki mbili. Hakuwa amewahi kuambiwa, na maandishi yalikuwa madogo kuliko chembe ya ulezi. Niliumia sana siku hiyo.

Nijidunge kiasi gani?

Sina kipimo cha kukupa, kwa sababu hakuna kilichowahi kuidhinishwa. Majaribio yalifanywa kupitia mshipa, hospitalini. Wanaouza wanasema chini ya ngozi au puani, na hizo ni njia nyingine kabisa.

Nitakuonyesha tu jinsi watu wanavyokosea. Kichupa kimeandikwa miligramu. Muuzaji anazungumza mikrogramu, na miligramu moja ni mikrogramu 1000. Sindano ya insulini nayo ina alama za yuniti, ambapo yuniti 100 ni mililita moja ya maji, wala haijui umechanganya unga kiasi gani. Ukiongeza maji maradufu, alama ile ile inabeba nusu ya dawa. Nimemwona mtu mwenye shahada ya uhasibu akipata kipimo kilicho mara kumi ya alichokusudia kwenye hesabu hii, saa tano usiku, peke yake jikoni.

Kwetu Kisumu ni joto na stima hupotea. Itaharibika?

Ikishachanganywa na maji, inahitaji friji ya nyuzi 2 mpaka 8. Asidi amino ya kwanza kwenye mnyororo wake ni triptofani, ambayo huharibiwa na mwanga na hewa. Ikiharibika hutaona rangi wala kusikia harufu.

Ni halali kuiuza Kenya?

Dawa inayouzwa nchini lazima iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu, chini ya Sheria ya Famasi na Sumu, Sura ya 244. DSIP si dawa iliyosajiliwa. Hata Marekani, ambako wauzaji hupenda kutolea mfano, FDA, mamlaka yao ya dawa, iliiweka mwaka 2023, kwa jina lake jingine la emideltidi, kwenye kundi la malighafi zenye wasiwasi mkubwa wa usalama pale maduka ya dawa yanapotaka kuzichanganya yenyewe.

Mimi ni mkimbiaji, ninafanya mazoezi Iten. Kocha mmoja kaniambia haipimwi.

Kaka, tafadhali usiiguse. Kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni zina kifungu kinachokataza, wakati wote, kitu chochote ambacho hakijaidhinishwa na mamlaka yoyote ya afya kwa matibabu ya binadamu. Hakihitaji hata kutajwa kwa jina. Na kichupa cha kimagendo kinaweza kuwa na kitu kingine ndani kilichotajwa kwa jina. Waulize ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo michezoni, kabla ya kumeza au kudunga chochote. Vipaji vingi vya huko Iten vimezimika kwa sababu ya mtu aliyesema "haipimwi."

Na CJC-1295 na ipamorelini ambazo wanazisifu kwenye jimu?

Hizo nazo ni peptidi, na hulenga homoni ya ukuaji, ambayo kweli humwagika zaidi wakati wa usingizi mzito. Nazo ziliingia kwenye orodha ile ile ya FDA mwaka 2023, na wanamichezo wamekatazwa kwa majina. Homoni ya ukuaji ikizidi hupandisha sukari. Familia yako ikiwa na kisukari, kaa mbali nazo.

Nimeshajidunga mara nne. Nifanyeje?

Asante kwa kusema. Acha, lakini usitupe kichupa, kilete. Ukiona mahali pa sindano panavimba, pana joto, wekundu unasambaa au kuna usaha, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usisubiri gari la jirani, chukua la kwanza linalopita. Kama mlitumia sindano moja na mwenzako, ombeni kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha homa ya ini aina ya B. Ikiwa ni ndani ya saa 72, ziko dawa za kuzuia maambukizi ya UKIMWI, na kila saa ina maana. Mtoa huduma anaweza kupeleka ripoti ya madhara kwa Bodi bila kukuaibisha. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uzilete kituo cha afya. Kule jalalani kuna watoto wanaookota vyuma.

Sasa kama si peptidi, mbona silali?

Hili ndilo swali ninalolisubiri. Ninapomkalisha mtu na kumuuliza taratibu, mara nyingi tunakipata kitu chenye jina.

Naanza na dawa anazotumia. Kule magharibi watu wengi wako kwenye dolutegraviri, iliyo ndani ya kile kidonge kimoja cha kila siku cha ARV. Kukosa usingizi ni mojawapo ya madhara yake yanayojulikana, na mara nyingi kuhamisha kidonge kutoka usiku kwenda asubuhi hutosha. Usikiache hata siku moja, mwambie tu mhudumu wako wa kliniki. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ikimezwa jioni humkeshesha mtu. Dawa za presha za kuongeza mkojo zikimezwa usiku humwamsha mara tatu kwenda msalani. Baadhi ya dawa za mafua zina vichangamshi.

Halafu ninauliza kuhusu chai. Watu hushangaa, maana chai si kahawa. Lakini majani ya chai yana kafeini, na kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Vikombe viwili vya chai ya rangi saa mbili usiku, iliyochemshwa mpaka ikakolea, bado vinakufanyia kazi saa saba. Muguka na miraa ni zaidi ya hapo. Pombe hulaza haraka, kisha huuvunjavunja usiku kuanzia saa nane.

Upungufu wa madini ya chuma ni mwizi asiyesemwa. Mama mwenye hedhi nzito analala, miguu inamwasha kwa ndani, lazima aitikise. Anadhani ni uchovu wa soko. Kipimo cha damu na tiba ya chuma vinaweza kumrudishia usiku wake. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi humkeshesha mtu, na sukari iliyopanda humwamsha kwa mkojo.

Na kuna moyo mzito. Yule mwalimu niliyemtaja alikuwa akiamka saa tisa kila usiku akilia bila kujua anachokililia. Hakuhitaji kuchomwa sindano. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba sonona ina dawa na ina mazungumzo, na kwamba hakuwa anakosa imani.

Si unipe tu Piriton? Au Valium?

Piriton ni dawa ya mzio. Hulewesha usiku wa kwanza, wa pili, kisha mwili unaizoea, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Valium na jamii yake, benzodiazepini, zitakulaza kweli, lakini hupunguza yale mawimbi ya delta. Yaani mtu anayetafuta usingizi mzito anameza kitu kinachoupunguza. Pia ni rahisi kuzitegemea, na hutolewa kwa cheti cha daktari tu.

Mume wangu anakoroma hadi watoto wanahama chumba. Yeye ndiye anataka hiyo sindano.

Mama, mtazame usiku mmoja. Je, kukoroma kunakatika, kimya, halafu anashtuka kama aliyezama majini? Asubuhi ana maumivu ya kichwa? Presha haishuki hata akinywa dawa? Hiyo inaelekea kuwa apnea ya usingizini: koo linajifunga, pumzi inakatika, ubongo unamwamsha kidogo ili asife, mara nyingi usiku kucha. Hafiki kwenye usingizi mzito kwa sababu anaamshwa kabla. Kumpa kitu cha kumlaza zaidi kunaweza kumhatarisha. Kama anaendesha boda au lori la kwenda Malaba, jambo hili lisingoje mwezi ujao. Apelekwe kwa daktari, aombe rufaa: kwa walio Kisumu ni hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wakongwe bado wanaiita Russia, kwa Nakuru, hospitali ya rufaa ya kaunti. Kupunguza uzito, kulala kwa ubavu, kuacha pombe ya usiku, na mashine ya kusukuma hewa kwa wanaoihitaji hufanya kazi.

Kuna tiba gani iliyothibitishwa?

Tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza ianze kabla ya dawa yoyote, na mwongozo wa Ulaya wa 2017 ukasema vivyo hivyo. Watu husikia neno saikolojia wakadhani wataambiwa watulie. Sivyo, ina kazi ngumu.

Chukua mtu anayeingia kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri. Yuko kitandani muda wa saa nane, ila analala sita tu. Mbili zilizobaki anajigeuzageuza, na kitanda kinageuka mahali pa kuhangaikia. Tunamwambia aingie saa tano, atoke saa kumi na moja ile ile, Jumapili ikiwemo. Wiki ya kwanza atanichukia. Hamu ya usingizi inajaa, anaanguka kitandani na kulala mfululizo, na usingizi wake unakuwa mzito zaidi. Akishakuwa analala karibu muda wote alio kitandani, tunamwongezea robo saa, kisha nyingine. Asipopata usingizi anatoka, anakaa kwenye kiti chenye mwanga hafifu, anarudi akisinzia. Haangalii saa. Kwa wengi mabadiliko huonekana ndani ya wiki chache.

Wenye kifafa, wenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na madereva wasilifanye hili la kupunguza muda bila msimamizi.

Ninafanya zamu ya usiku Olkaria. Haya yote hayanihusu.

Yanakuhusu kwa namna yake. Kahawa iishe nusu ya kwanza ya zamu. Ukitoka, vaa miwani ya jua, maana mwanga wa asubuhi unauambia ubongo kumekucha. Tundika blanketi zito dirishani. Lala mara tu unapofika, kabla ya kufua na kabla ya kwenda benki, na waambie wa nyumbani kwamba saa nne asubuhi kwako ni usiku wa manane. Zamu zinazobadilikabadilika huuvuruga usingizi. Kama mna chama cha wafanyakazi, lijadilini huko.

Mama yangu ana miaka 71, analala kidogo sana. Nataka nimnunulie.

Usingizi mzito hupungua na umri hata kwa mzee mwenye afya, na kuamka saa kumi alfajiri si ugonjwa kama mchana anachangamka. Muulize analala kwa muda gani mchana kwenye kiti. Mtoe nje asubuhi aote jua na kutembea mpaka kwa jirani. Hakikisha neti haina matundu, na kwamba magoti hayamuumi usiku akakuficha. Kisha lete dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba na zile alizopewa na shangazi, tuzipange mezani mimi na wewe.